Kabla Hujanunua Wufa

Ndengu zikishauzwa na maembe ya Makueni yakishapata mnunuzi, maduka ya vifaa vya umeme ya Wote, Emali, Mwingi na Kitui mjini huanza kujaa watu. Aliyeingia kutafuta redio hutoka amebeba wufa: sanduku moja kubwa la besi, vispika viwili au vitatu vya plastiki, taa za rangi zinazomweka, na katoni iliyoandikwa maelfu ya wati. Nyumbani inawashwa, vikombe vinatikisika mezani, na wiki ya kwanza kila mtu anafurahi. Kisha mwenye nyumba anaweka wimbo wa zamani wa Kakai Kilonzo, na gitaa halisikiki.

Makala hii ni ya yule anayetaka gitaa lisikike. Ushauri wangu ni kwamba kwa pesa za wufa ya kiwango cha kati, au kwa kuongeza kidogo, ununue jozi ya spika za rafu. Nazo ni makasha mawili ya mbao, kila moja na urefu wa sentimita 25 hadi 40 hivi, lenye koni ya inchi 4 hadi 6 na nusu, na juu yake twita ndogo ya sauti nyembamba. Hazina taa na hazitikisi vikombe. Zinachokupa ni muziki wenyewe, kila chombo mahali pake.

Sababu inaanzia kwenye muziki tunaousikiliza huku. Benga ilitoka Nyanza, lakini kufikia miaka ya 1970 ilikuwa imeshika mizizi Ukambani na kupata sura yake: Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, Peter Mwambi na Kyanganga Boys, Kalambya Boys, na dada zao Kalambya Sisters waliotamba miaka ya 1980 na wimbo wao Katelina. Katika muziki huu gitaa la solo linakimbia juu, la ridhimu linalijibu, na la besi halibaki likigonga sauti moja. Linatembea, linauliza, wakati mwingine ndilo linaloongoza. Mwimbaji anasimulia kisa, na maneno yake ndiyo nusu ya wimbo. Spika inayomeza maneno au kuchanganya magitaa matatu yakawa mngurumo mmoja imekunyima kile ulichoinunulia.

Sasa tazama hesabu ya sauti. Uzi mzito zaidi wa gitaa la besi la kawaida hutoa takriban hezi 41, na wa gitaa la kawaida takriban hezi 82. Sauti za wanaume na wanawake, ridhimu na sehemu kubwa ya solo ziko kati ya hezi 100 na elfu chache. Koni nzuri ya inchi 5 inaanza kufanya kazi barabara karibu na hezi 60, na hata noti za chini ya hapo sikio huzitambua, kwa sababu kila noti hubeba juu yake milio ya mara mbili na mara tatu ya mtetemo wake. Wufa nyingi za bei nafuu zimegawanya kazi vibaya. Vispika vyake vya inchi 2 au 3 haviwezi kushuka hadi kwenye sauti ya mwanamume, na sanduku la besi haliwezi kupanda kuifikia bila kunguruma. Pale katikati, anapokaa Kakai na ridhimu yake, panabaki pengo.

Kuhusu wati, usisome mbele ya katoni. Geuza mashine utazame kibandiko kidogo cha nyuma kinachoonyesha umeme inaouvuta. Kikisema wati 60, hakuna njia mashine hiyo itatoa wati 10,000 za sauti, maana haiwezi kutoa kisichoingia. Tarakimu kubwa za katoni huandamana na herufi PMPO, na hazina maana yoyote kwa mnunuzi. Unazotafuta ni RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaweza kuidumisha. Kwa sebule ya kawaida yenye makochi sita, wati 15 hadi 25 za RMS kwa kila spika zinatosha kabisa. Edifier R1280T, jozi inayojulikana duniani kote miongoni mwa za bei nafuu, ina wati 42 tu za RMS kwa spika zote mbili pamoja na koni za inchi 4, na haijawahi kuonekana dhaifu katika chumba cha ukubwa huo.

Tarakimu ya pili ya kutazama ni wepesi wa spika kuitikia umeme. Huandikwa kwa desibeli, kwa kipimo cha wati moja na umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 90 inahitaji nusu tu ya nguvu inayohitajiwa na spika ya desibeli 87 ili kufikia sauti ileile, kwa kuwa kila desibeli 3 ni sawa na kuongeza nguvu maradufu. Wauzaji wengi hawaitaji tarakimu hii. Iulize. Kwa nyumba inayotumia sola ina uzito zaidi kuliko wati zenyewe.

Spika za rafu ziko za aina mbili. Kuna zilizo na amplifaya ndani yake, ambazo unachomeka kwenye soketi, unaunganisha simu, basi umemaliza. Na kuna zisizo na amplifaya, kama Sony SS-CS5 yenye koni ya sentimita 13, ambazo lazima uzinunulie amplifaya kando. Kama una stima ya uhakika na hutaki nyaya nyingi, chukua aina ya kwanza. Nunua pia kilinda vifaa, kile ambacho wengi huchomekea friji, kwa sababu stima inaporudi baada ya kukatika ndipo vifaa vingi huungua. Aina ya pili ndiyo ninayoipenda, kwa kuwa amplifaya ikiharibika spika zako zinabaki, na kesho unaweza kubadilisha kimoja bila kutupa kingine.

Wasomaji wengi wa Kyuso, Mutomo, Kathonzweni na Kibwezi ya ndani wanatumia sola, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ushauri unaotolewa madukani mara nyingi humlenga mtu wa stima. Ukinunua spika zenye amplifaya ya volti 240, utahitaji inveta, na inveta hula umeme hata wakati muziki umezimwa. Njia bora ni spika zisizo na amplifaya pamoja na amplifaya ndogo ya volti 12 ya zile zinazoitwa klasi D, ambazo hazipotezi umeme mwingi kwa joto. Kwa volti 12, amplifaya kama hiyo hutoa karibu wati 15 kwa spika ya omu 4, lakini karibu nusu ya hizo kwa spika ya omu 8. Kwa hiyo mtu wa sola atafute spika za omu 4 hadi 6, zenye desibeli nyingi.

Hesabu ya betri si ngumu. Betri ya kawaida ya maji ya asidi yenye ampea-saa 50 ina takriban wati-saa 600, na ili idumu usitumie zaidi ya nusu, yaani 300. Muziki wa sauti ya nyumbani kwenye amplifaya ya klasi D huvuta wati 10 hadi 15. Saa tano za jioni hazizidi 75. Zinabaki za taa na simu bila wasiwasi. Jambo la hatari ni kuunganisha amplifaya moja kwa moja kwenye paneli. Paneli inayoitwa ya volti 12 hufika volti 21 jua likiwa kali na ikiwa haina mzigo, na amplifaya nyingi ndogo hazivumilii hivyo. Pita kwenye betri daima, na weka fyuzi karibu na betri. Wenye vile vifaa vidogo vya sola vya kulipa polepole wasivifungue kutafuta umeme wa muziki, maana betri yake ni ndogo mno kwa kazi hii.

Chumba chako nacho ni sehemu ya chombo, na huku kwetu kina tabia yake. Nyumba nyingi ni za matofali ya kuchoma au mawe, sakafu ya saruji au vigae, paa la mabati, na mara nyingi hazina dari. Simama katikati ya sebule upige kofi moja kali. Ukisikia mlio unaofuata, ule wa zing, basi gitaa la solo litakuwa na mlio huohuo juu yake kila noti, na hakuna spika ya bei yoyote itakayouondoa. Kinachouondoa ni vitu laini na vitu visivyo sawasawa: zulia zito kati yako na spika, mapazia mazito badala ya yale membamba ya kung'aa, makochi ya kitambaa, rafu yenye vitabu vya ukubwa mbalimbali kwenye ukuta wa nyuma. Mkeka ni bora kuliko sakafu tupu, ila zulia linaushinda kwa mbali. Trei za mayai ambazo watu hubandika ukutani hazisaidii kitu cha maana, na zinakaribisha mende. Kama pesa zako zinakulazimu kuchagua kati ya spika za bei ya juu kidogo na zulia, mimi nitakwambia nunua zulia.

Kisha pahali pa kuziweka. Usizisukume ndani ya vyumba vya kabati la televisheni, kwani kabati litaanza kuvuma pamoja nazo na besi itajaa ukungu. Kama ni lazima zikae kwenye kabati, zivute hadi ukingoni. Usiziweke kwenye pembe za chumba. Ziache ziwe mbali na ukuta wa nyuma angalau sentimita 20 au 30, hasa zikiwa na tundu la hewa nyuma, na kati ya spika na spika pawe na mita moja na nusu hadi mbili. Twita iwe kwenye kimo cha masikio yako ukiwa umekaa. Zigeuze kidogo zikuelekee. Mabadiliko haya hayagharimu shilingi, na tofauti yake ni kubwa kuliko ya kupanda kutoka spika za elfu kumi hadi za elfu ishirini.

Hapa Ukambani tuna bahati ya mkau, ule mti ambao kituo cha taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, kilichoko Kitui kimeupigania kwa miaka mingi. Mbao zake zinadumu, na mchwa hawazipendi. Mwambie seremala akutengenezee stendi mbili za kimo cha sentimita 60 hivi, zenye nguzo iliyo wazi ndani, kisha ujaze nguzo hiyo mchanga mkavu uliochekechwa. Kilo chache zinatosha kuituliza stendi isitetemeke. Stendi pia inaokoa spika zenyewe. Makasha mengi ya bei nafuu ni ya mbao za unga uliogandishwa kwa gundi, na yakiachwa chini kwenye sakafu ya udongo msimu wa mvua, mchwa watayamaliza kimyakimya kutoka upande wa chini usiouona.

Wakati wa kuunganisha, waya wa kawaida wa shaba wa milimita 1.5 kutoka duka la hadwea unatosha kwa chumba chochote cha nyumbani. Ukwangue kwa kisu kabla ya kulipa, na ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba. Hakikisha upande wa jumlisha wa amplifaya unaingia jumlisha ya spika, kwa spika zote mbili. Kosa la waya mmoja kugeuzwa hutokea mara nyingi ajabu, na watu huishi nalo miaka wakidhani spika zao ni mbaya. Santuri za zamani za benga zinasaidia kulifichua, kwa sababu nyingi zilirekodiwa kwa mono, yaani spika zote mbili hupokea sauti ileile. Weka wimbo mmoja wa aina hiyo, kaa katikati, ufumbe macho. Mwimbaji asimame katikati kabisa, baina ya spika, mahali unapoweza kupanyoshea kidole. Sauti yake ikionekana kutoka kila upande na besi ikiwa imekonda, geuza waya za spika moja tu, usikilize tena.

Jaribio hilohilo lifanye dukani. Nenda na flashi yako yenye nyimbo unazozijua vizuri: mmoja wa Kalambya Sisters kwa sauti za juu za wanawake, mmoja wa Kakai, mmoja wa kwaya ya kanisani kwenu, kwa kuwa kwaya yenye sauti nne inafichua spika inayochanganya watu. Mwombe muuzaji azime vikuza besi vyote. Anza kwa sauti ya chini, ile ya usiku watoto wamelala, maana spika mbaya hujificha kwenye kelele. Kisha mwombe aweke Musyi FM wakati wa taarifa ya habari. Mtangazaji asikike kama mtu aliyeketi chumbani, si kama anayesema akiwa ndani ya mtungi. Muuzaji akikataa kukuachia dakika kumi za kusikiliza, nenda duka lingine.

Kile unachokipiga nacho kina lawama yake. Nyimbo nyingi zinazouzwa kwenye flashi zimenakiliwa mara kadhaa na kubanwa hadi zimekauka. Tazama ukubwa wa faili. Wimbo wa dakika nne uliobanwa kwa kiasi cha kawaida cha kilobiti 128 kwa sekunde unakuwa karibu megabaiti 4, na ule wa 320 karibu megabaiti 10. Ukikuta wa dakika nne una megabaiti moja, milio ya juu ya gitaa imeshakatwa na hairudi tena. Tafuta nakala nyingine. Na kwa wanaosikiliza redio mbali na mnara, kama kule Tseikuru, mvumo mwingi wa FM hupungua ukibadilisha kutoka stirio kwenda mono. Antena iwe nje, mbali na kidhibiti cha sola na balbu za bei rahisi, kwa kuwa vyote viwili humwaga kelele kwenye mawimbi.

Mtumba ni njia halali, na mara nyingi ndiyo njia bora. Luthuli Avenue jijini Nairobi na maduka ya bidhaa zilizotumika Uingereza huwa na spika zilizokuwa za bei kubwa zamani. Lakini chunguza kwa mikono. Ukanda unaoizunguka koni ukiwa wa sponji, uguse polepole. Sponji huoza baada ya miaka kumi hadi ishirini, na ikimeguka kidoleni ondoka, isipokuwa unajua fundi anayeubadilisha. Ukanda wa mpira hudumu zaidi. Sukuma koni kidogo kwa vidole viwili vilivyopangwa sawa, usikilize kama ndani kunakwaruza. Tazama twita kama haijabonyezwa na mtoto. Spika yenye amplifaya ndani iliyotoka Marekani inaweza kuwa ya volti 110 pekee, na kwenye stima yetu ya 240 itaungua siku hiyohiyo. Ukituma mzigo kwa matatu hadi Kitui au Wote, lipia kiti badala ya kuuweka juu ya paa.

Vumbi letu linaingia kila mahali. Kitasa cha sauti kikianza kukwaruza ni vumbi, na fundi anakisafisha kwa dawa ya kupuliza kwa dakika chache. Funika tundu la hewa la spika kwa kipande cha soksi nyembamba ya nailoni, kwani mijusi na mende hupenda kulala humo. Na usiongeze sauti ya amplifaya ndogo hadi mwisho kwenye sherehe. Amplifaya iliyoshindwa hutoa mawimbi yaliyokatwa vichwa, na hayo ndiyo huua twita, hata kama wati ni chache. Vilevile usiongeze jozi ya pili ya spika kwenye vituo vilevile. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba zinakuwa mzigo wa omu 4, mbili za omu 4 zinakuwa za omu 2, na amplifaya nyingi ndogo huchemka hapo.

Kwa mwenye shilingi 20,000, ningezigawa hivi: karibu nusu kwa jozi ya mtumba yenye ukanda wa mpira, robo kwa amplifaya, na zilizobaki kwa waya, stendi na zulia. Mwenye 5,000 naye asikate tamaa, na asirudi kwenye wufa. Atafute jozi ya spika za gari za inchi 6 na nusu, zile zenye twita katikati. Nyingi ni za omu 4 na zimeundwa kwa redio za gari zinazotumia betri ya volti 12, kwa hiyo zinaelewana na amplifaya ndogo ya sola. Seremala amkatie makasha mawili ya plaiwudi ya milimita 18, badala ya mbao nzima ambayo hupasuka wakati wa kiangazi, yenye nafasi ya ndani ya sentimita 20 kwa 22 kwa 30, yaani lita 13 hivi. Viungo vipakwe gundi kwanza, ndipo vitiwe skrubu. Ndani ijazwe pamba ya mto bila kushindiliwa, na tundu la waya lizibwe kwa silikoni, kwa sababu kasha la namna hii likivuja hewa besi yake inatoweka.